Joto Kwenye Ukano

Daftari la banda, jalada limetafunwa na panya,
lina ushindi thelathini na nane kwa mwandiko wangu.
Nilianza kuandika nikiwa darasa la tano,
nimekaa juu ya debe la shayiri,
saa ya kubonyeza imening'inia shingoni kama hirizi.
"Dakika moja, sekunde kumi na nne," nasema.
Baba hajibu. Anatazama masikio ya farasi.

Zakaria Rwakaikara hakukulia kwenye farasi.
Alikulia kwenye ng'ombe wa pembe ndefu,
akaijua homa ya ndama kwa kiganja
kabla hajajua kuliandika jina lake.
Farasi wa kwanza alimkuta Fort Portal,
ameshushwa kwenye lori kutoka Nairobi, siku mbili njiani,
damu safi, karatasi za ukoo ndefu kuliko za mfalme,
mbavu za kuhesabika.
Mwenyewe alikuwa tayari kupokea bei ya ngozi.
Baba akampa empaako, kama mtoto yeyote wa Tooro:
Amooti.
Watu wakacheka. Mnyama anaitwa Amooti?
"Asipokuwa na jina la heshima," alisema,
"asubuhi nitamwamkiaje?"

Miezi minne, kutembea tu.
Majani ya bonde la Mpanga, maji ya vuguvugu, kutembea.
Wa tano, telki. Wa saba, shoti,
kwenye barabara nyekundu katikati ya chai,
ukungu wa Rwenzori umeshuka hadi magotini,
nami na saa yangu namsikia kabla sijamwona.

Amooti alishinda Kampala mara sita.
Ndipo wenye pesa wakaijua njia yetu mbovu.
Vikombe vikajaa kabati la sahani;
kile kikubwa mama alitilia vijiko.
Mwandishi wa gazeti akaja kuuliza siri.
"Mtaka cha mvunguni huinama," baba akamjibu,
akainama kweli, akashika mguu wa farasi,
na picha iliyotoka ukurasa wa nyuma
ilikuwa ya mgongo wake.

Sasa Apuuli.
Jike, rangi ya chai ya rangi, mali ya Sserunkuuma mwenye hoteli.
Saa kumi alfajiri, siku mbili kabla ya Kombe,
baba alipitisha kiganja kwenye mguu wa kushoto wa mbele.
Akarudia.
"Kuna joto kwenye ukano."
Daktari wa mifugo akagusa: hakuna.
Nikagusa mimi: hakuna.
Joki wetu alikwisha kushona suti.
"Hakimbii," baba alisema kwenye simu,
na jioni ile lori la Sserunkuuma likaja kumchukua
kumpeleka kwa mkufunzi mwingine.

Tulisikiliza redioni.
Apuuli akashinda kwa urefu wa farasi watatu.
Baba alizima redio, akaenda kumwosha punda wa maji,
kwa sabuni, mpaka kwato.
"Ulikosea?" nikamuuliza.
"Huenda."

Novemba, usiku, bila simu, lori lilirudi.
Alishuka kwa miguu mitatu.
Nilingoja baba aseme, *si niliwaambia?*
Alisema, "Apuuli,"
na sikio moja likageuka.

Mwaka wa juzi kiharusi kilimpitia upande wa kulia.
Kiganja kile sasa hakitofautishi uji na barafu.
Sserunkuuma alituma maua, na bili ya lori.
Zote mbili nimezibana kwenye daftari,
mahali pa ushindi wa thelathini na tisa.

Leo alfajiri, bandani, kwenye kiti chake cha plastiki,
ameniamuru nichuchumae kwa mtoto wa Apuuli,
mwaka mmoja na nusu, mtundu, hajapewa jina.
"Unasikia nini?"
"Sisikii kitu, baba."
"Usiondoe mkono."